Tupime minyoo mbele ya kutoa dawa ya kanseri
Maneno yaliyosemwa mu mazungumzo ya vijana juu ya haki ya afya

Asante kwa kuacha shuguli zenu, hata kama kwa wengi kati yetu shuguli yenyewe ni kutafuta shuguli. Mimi pia niko mu kundi hilo. Nilisoma biolojia ya labo, nikapata diploma, nikaitia mu anvelope, na ile anvelope imeingia mu ofisi nyingi kupita mimi mwenyewe. Lakini masomo haiozi. Leo nimeombwa kusema juu ya kitu chenye nilisoma na chenye kinatugusa: vijidudu na minyoo yenye inaua wagonjwa wa kanseri ya damu, wakati mwingine mbele kanseri yenyewe haijawaua.

Najua kuna mutu anasema mu roho yake: "Kanseri? Shida yetu ni maji, barabara na usalama." Munipe dakika 20. Mutaona kama ni shida ile ile: maji, choo, viatu, farmasi zenye kuuza kila kitu, na Leta yenye haifanye kazi yake.

Tuanze ku damu. Damu yetu inatengenezwa mu uboho, ndani ya mifupa. Kule njo kunazaliwa chembe nyekundu zenye kubeba hewa, visahani vyenye kufunga kidonda, na chembe nyeupe. Chembe nyeupe njo askari wetu. Mu leusemia, chembe nyeupe mbovu zinazaliwa nyingi sana, hazijui kupigana, zinajaza kambi na zinafukuza askari wazuri. Mutu anachoka, anapauka, damu inamutoka ku fizi ao ku pua, homa haiishe. Mu limfoma, ugonjwa unashika zaidi tezi: ku shingo, ku kwapa, mu tumbo.

Dawa ya kanseri, ile kemoterapia, haichague sana. Inapiga chembe mbovu, inapiga na nzuri. Kwa hiyo kuna siki ao majuma mugonjwa anabaki karibu bila askari. Mulango uko wazi. Na hapa swali linakuja: nani alikuwa amesha ingia mu nyumba zamani, anangojea paka askari waondoke?

Jibu la kwanza ni munyoo mudogo sana unaitwa strongiloidi. Munganga mumoja wa jeshi la maji la Ufaransa, Louis Normand, aliuona mu 1876, mu muji wa Toulon, ndani ya mavi ya askari waliokuwa wanarudi kutoka Cochinchina, sehemu ya kusini ya inchi yenye leo tunaita Vietnam, na wote walikuwa wanaharisha. Zaidi ya miaka 140 imepita, na watu wengi hapa kwetu hawajasikia hata jina lake. Lakini Shirika la Afya Duniani linahesabu kama watu kati ya milioni 300 na 600 wako nao.

Unaingia namna gani? Vitoto vyake vinaishi mu udongo wenye maji, pahali watu wanajisaidia inje ao pahali choo kinamwagika wakati wa mvua. Unapita bila viatu, vinatoboa ngozi ya muguu, vinaingia mu damu, damu inavipeleka ku mapafu, vinapanda ku koo, unavimeza bila kujua, vinafika mu utumbo na kule vinakomaa. Munyoo dike unataga mayai mule mule, mayai yanapasuka, na vitoto vinatoka na mavi. Hapo tungesema ni munyoo kama mingine.

Lakini huu una akili yake. Vitoto vingine havitoke. Vinatoboa utumbo ao ngozi karibu na matako, vinarudi mu damu, na safari inaanza upya ndani ya mutu yule yule. Kwa hiyo mutu anaweza kukaa nao mupaka kufa, hata akihamia muji wenye choo safi na viatu vya ngozi. Wanaume wa Uingereza na Australia waliofungwa na jeshi la Japani mu Vita vya pili vya dunia, wale walijenga reli ya Burma, walipatikana na munyoo huu zaidi ya miaka 30 kisha vita. Hawakurudi kule tena. Munyoo ulirudi nao ku nyumba.

Na wengi hawasikie kitu. Mara moja moja tumbo inauma, kuharisha kunakuja na kuondoka, ngozi inawasha. Mara mutu anaona mustari mwekundu ku mapaja ao ku matako, unatembea haraka, kisha unapotea. Anasema ni uchawi ao ni sabuni mbaya. Maisha inaendelea, kwa sababu askari wa mwili wanaulinda munyoo usipite mupaka wake.

Sasa tuleteni yule mugonjwa wa leusemia. Mu dawa za leusemia nyingi, na za limfoma, kuna prednizoloni ao deksametazoni. Ni dawa za muhimu, zinaokoa watu, sisemi zikatazwe. Lakini zinalaza kinga ya mwili. Mara moja ile idadi ya vitoto vilivyokuwa vinazunguka inakuwa maelfu na maelfu. Vinatoboa utumbo pande zote, na kila kimoja kinabeba mikrobi za mu mavi na kuzimwaga mu damu, mu mapafu, mara mupaka mu ngozi ya ubongo. Mugonjwa anapata homa, anakohoa, hawezi kupumua, tumbo inavimba, anaanza kupoteza akili. Ikifika hapo, zaidi ya nusu ya wagonjwa wanakufa, hata mu hopitali za Ulaya na Marekani. Jamaa wanaambiwa: "Kanseri ilikuwa imekomaa." Kumbe haikuwa kanseri. Ilikuwa munyoo wenye ungeweza kuondolewa kwa vidonge.

Niongeze kitu kimoja. Kuna virusi vinaitwa HTLV-1, viko mu sehemu za Afrika ya kati, Japani, visiwa vya Karibi na Amerika ya Kusini. Vinapita mu damu, mu ngono, na mu maziwa ya mama. Mu watu wachache kati ya wale wako navyo, kisha miaka mingi, vinaleta leusemia yao wenyewe. Na vinaharibu ile sehemu ya kinga yenye kuzuia strongiloidi. Munaona? Virusi vile vile vinaleta kanseri kwa mukono mumoja, na kwa mukono mwingine vinafungulia munyoo mulango.

Kamarade, munisikilize muzuri hapa, kwa sababu hii haigusi paka wale wako na kanseri. Deksametazoni inauzwa mu farmasi za mitaa yetu kama bonboni. Unasema mugongo unauma, wanakupa. Unasema una mafua, wanakupa. Na dada zetu, na hata kaka zetu, wananunua vidonge vya kunenepesha, vile vya kutoa mashavu na matako haraka haraka. Vingi kati ya vile ni deksametazoni, wameichanganya na dawa ya kuongeza hamu ya kula. Ule unene ni maji na mafuta, si afya. Sukari inapanda, presha inapanda, mifupa inalegea, kinga inalala. Na kama ule munyoo uko ndani, umesha ufungulia mulango weye mwenyewe, kwa franga zako. Mutu mwenye amezitumia siki nyingi asiache kwa mara moja pia, kwa sababu mwili unakuwa umesahau kutengeneza homoni yake. Aende kwa munganga, aseme kweli, wapunguze pole pole.

Dawa ya munyoo huu iko, na haiko ngeni kwetu. Ni ivermektini. Mu vijiji vingi vya Kongo watu wanaijua kwa jina la Mectizan, ile inagawiwa bure juu ya ugonjwa wa macho wa mutoni. Kampani ya Merck ilianza kuitoa bure mu 1987. Watu wawili walioigundua, William Campbell na Satoshi Ōmura, walipata zawadi ya Nobel mu 2015. Mu 2024 Shirika la Afya Duniani lilishauri kama fasi yenye watoto wa masomo 5 kwa 100 ao zaidi wako na strongiloidi, watu wote kuanzia miaka 5 wapewe ivermektini kila mwaka. Vile vidonge vingine vya minyoo, mebendazoli ao albendazoli, vyenye tunapewa ku masomo mara moja, vinasaidia ku minyoo mingine lakini kwa huu haviweze muzuri. Kwa hiyo usiseme "mimi nilikunywa dawa ya minyoo" ukafikiri umemaliza.

Lakini nakataza mutu atoke hapa akimbilie farmasi. Mu sehemu za misitu ya Kongo kuna munyoo mwingine, Loa loa, ule mara unaonekana unapita ndani ya jicho. Mutu mwenye Loa loa nyingi sana mu damu akimeza ivermektini, ubongo unaweza kuumia, anaweza hata kufa. Kama ulikaa mu sehemu zile, wakupime damu kwanza, na damu ile inachukuliwa muchana, kwa sababu vitoto vya Loa loa vinatembea mu damu wakati wa jua. Ni munganga njo anahesabu kipimo, kufuata kilo zako.

Na kupima strongiloidi? Hapa njo roho inaniuma. Kupima mavi mara moja kwa darubini, ile njia ya kila siku, kunaweza kukosa zaidi ya nusu ya wale wako nao. Lakini kuna njia ya zamani inaitwa Baermann. Munataka kujua vyombo vyake? Funeli moja. Kipande cha gaze. Mupira mudogo na kifungio. Maji ya vuguvugu. Unaweka mavi juu ya gaze, inagusa maji, unaacha saa kazaa. Vitoto vya munyoo vinapenda joto, vinatoka mu mavi, vinaogelea, vinazama chini. Unachukua matone ya chini, unaweka ku darubini, unaviona vinacheza. Haiombe mashine, haiombe intaneti, umeme kidogo tu wa darubini, na kuna darubini zinafanya kazi na mwangaza wa jua. Inaomba mutu mwenye amesoma kazi hiyo, na wale watu wako. Wako mu chumba hiki, wanauza unite za simu na kuendesha pikipiki.

Nilifanya mafunzo ya kazi mu labo moja, siitaje jina. Kila mutu mwenye homa alikuwa anapimwa malaria, na kila mwenye tumbo anapimwa typhoid. Mavi yalikuwa yanaangaliwa dakika moja, kisha wanaandika "hakuna kitu". Si kwamba wale wakubwa wa labo walikuwa wabaya. Walikuwa watu wawili kwa kazi ya watu saba, na mushahara unakuja wakati unataka.

Jibu la pili ni yule tunamujua sisi wote: malaria. Kongo yetu peke yake inabeba karibu mugonjwa 1 kati ya 8 wa malaria duniani. Kwa mutu mwenye kanseri ya damu, malaria inaingia kwa milango tatu.

Mulango wa kwanza ni mbu, kama kwa kila mutu, lakini kwa yeye inapiga kwa nguvu zaidi, kwa sababu damu yake imesha kuwa kidogo.

Mulango wa pili ni damu yenye anatiwa. Mugonjwa wa leusemia anatiwa damu mara nyingi sana. Damu inapaswa kupimwa ukimwi, hepatiti B, hepatiti C na kaswende. Lakini malaria? Mu inchi kama yetu watu wengi wanatembea na vijidudu vya malaria bila kuumwa, na ukiwakataa wote hautabaki na watu wa kutoa damu. Kwa hiyo hatuombe wakataliwe. Tunaomba mutu mwenye ametiwa damu afuatwe kisha pale, apimwe malaria mara homa ikitokea, na atibiwe mbio.

Mulango wa tatu ni akili yetu wenyewe. Sisi, homa ni malaria. Lakini mutu mwenye yuko na kemoterapia na chembe nyeupe zimeshuka, homa kwake ni moto mu nyumba. Inaweza kuwa bakteria mu damu, na anapaswa kupewa antibiotiki ya nguvu mu saa moja, si kesho asubui. Hata kama kipimo cha malaria kinasema ndiyo, haimaanishe bakteria haiko. Vyote viwili vinaweza kuwa pamoja. Kama uko na ndugu mwenye anafuata kemoterapia, nunueni termometre. Ikifika digri 38 na haishuke, musitafute kidonge ku duka, musingojee maombi ya jioni yaishe. Mupeleke hopitali na useme mbele ya yote: "Huyu yuko na dawa za kanseri."

Na malaria haingoje paka kanseri ifike. Iko kati ya vitu vyenye kuileta. Mu 1957, ku hopitali ya Mulago, Kampala, hapa hapa jirani, munganga mupasuaji Denis Burkitt, mutu wa Irlande, aliona mutoto mwenye taya zimevimba pande zote. Akaona mwingine. Mu 1958 akaandika juu yao. Mu 1961 alichukua gari ya zamani pamoja na waganga wenzake wawili, wakatembea kilometa karibu 16.000, kutoka hopitali mupaka hopitali mu Afrika ya mashariki na kusini, wakiuliza: "Watoto wa namna hii munawaona?" Waliona kama ugonjwa uko fasi zenye joto na mvua, na haupatikane sana fasi za juu zenye baridi. Ni karte ya mbu. Mu 1964, London, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr waliona virusi ndani ya chembe za ile kanseri. Leo tunajua kama virusi vile, karibu kila mutu anavipata mu utoto. Lakini kwa mutoto mwenye anapigwa na malaria mara kwa mara, chembe zake nyeupe zinachokozwa bila kupumzika, mupaka siku moja chembe moja inaharibika na kuanza kuzaana bila kiasi.

Kwa hiyo ile mustikere tunaona watu wanatumia kuvua samaki na kufunga kuku, inazuia malaria, na mu sehemu kama zetu inapunguza na hatari ya kanseri ya watoto. Na mutoto mwenye taya ao tumbo inavimba haraka, mu siku kazaa, musikae siki tatu mukisema ni jino. Limfoma ya Burkitt inakua mbio kupita karibu kanseri zote, lakini ni kati ya zile zinasikia dawa sana. Wengi wanapona wakifika mapema. Wakichelewa, wanakufa.

Sasa munaniuliza: sisi si waganga, tufanye nini? Tufanye kazi ya raia.

Katiba ya 18 mwezi wa pili 2006, artikle 47, inasema haki ya afya inahakikishwa. Haikusema "inahakikishwa kwa wale wanaweza kuvuka mupaka". Leo familia yenye pesa inapeleka mugonjwa wake Kampala, ku Uganda Cancer Institute, ao Rwanda, ku Butaro. Yenye haina pesa inauza shamba. Yenye haina shamba inangojea. Mu 2001, kule Abuja, wakubwa wa inchi za Afrika waliahidi kutia 15 kwa 100 ya bajeti mu afya. Walisaini, wakapigwa picha. Tuwakumbushe ile picha.

Na artikle 27 ya Katiba ile ile inasema kila Mukongomani, peke yake ao pamoja na wengine, anaweza kuandikia wakubwa petisyo, na wakubwa wanapaswa kujibu mu miezi 3. Kwa hiyo tunaandika petisyo, na haya njo tunaomba:

Kwanza, kila hopitali jenerali ya jimbo letu iwe na njia ya Baermann ku labo, na watu wenye wamefundishwa kuifanya.

Pili, mbele ya mugonjwa kuanzishwa kemoterapia ao prednizoloni ya muda murefu, apimwe strongiloidi. Kama kupima hakuwezekane, munganga afikirie kumupa ivermektini, kisha kuhakikisha Loa loa haiko. Na ivermektini ipatikane ku hopitali, si paka siku za kampanye.

Tatu, deksametazoni na prednizoloni zisiuzwe tena bila karatasi ya munganga, na vidonge vya kunenepesha viondolewe ku soko.

Ine, kila kituo cha afya kijue kama homa ya mugonjwa wa kemoterapia ni dharura, na mutu mwenye ametiwa damu afuatwe juu ya malaria.

Tano, labo zipate wafanya kazi. Hatuwezi kuwa na labo bila watu, na watu bila labo, mu muji mumoja.

Munaona kama hatukuomba mashine ya mamilioni ya dola. Hizo tutaomba pia, siku yake itafika. Tumeanza na funeli, gaze, vidonge na kazi. Wakikataa funeli, tutajua kama shida haikuwa pesa.

Na sisi wenyewe, mbele ya miezi 3 kuisha, kazi iko. Kila mutu aende ku farmasi moja ya mutaa wake aulize kwa heshima juu ya nini wanauza deksametazoni bila karatasi. Kila mutu amufasirie dada mumoja ile maneno ya vidonge vya kunenepesha, bila kumucheka, bila kumupatisha haya. Wale wenye damu yao inafaa, waende kuitoa, kwa sababu mugonjwa wa leusemia hawezi kuishi bila damu ya watu wengine. Viatu ku miguu ya watoto, hasa wale wanacheza mu matope karibu na choo. Na wale wanachimba muchanga na zahabu mu maji, wajue kama boti ni dawa.

Karatasi za petisyo ziko ku meza kule nyuma, na biki ziko. Andikeni jina, mutaa, musaini. Musisaini mara mbili, wala musisainie ndugu yenu mwenye hayuko. Muende mumulete asaini mwenyewe. Juma lijalo tunaipeleka ku ofisi ya afya ya jimbo, kwa amani, kwa muguu, na tunaomba watie kashe ya kupokea ili siku zianze kuhesabiwa.

Mwenye yuko na ulizo, asimame.